Farasi Ukingoni mwa Ubao

Wanangu, hadithi ya leo ni ya kweli, na mwisho wake nawaambia mapema ili msikae roho juu: mtoto wa miaka 13 alimfunga mtu mzima aliyemzidi umri, uzoefu na jina. Wengi wanaoisimulia husema tu kwamba mtoto yule alikuwa na kipaji, kisha wananyamaza, na msikilizaji anaondoka mikono mitupu. Mimi nataka mwone alivyoshinda, hatua kwa hatua. Kila alichokifanya kilikuwa na sababu, na sababu hizo zilikuwa wazi ubaoni, mbele ya macho ya wote wawili.

Mji ni New York, Marekani. Tarehe ni 17 Oktoba 1956. Ndani ya klabu ya sataranji ya Marshall, katika mtaa wa Manhattan, yanachezwa mashindano ya Rosenwald, yaliyopewa jina la tajiri aliyeyafadhili. Wachezaji ni 12, wote wamealikwa, na kila mmoja atakutana na wenzake wote 11. Hapo hakuna aliyeingia kwa kujaribu bahati. Yumo Samuel Reshevsky, aliyezunguka miji ya Ulaya na Marekani tangu utotoni akicheza na watu wazima na kuwashinda. Yumo Donald Byrne, kijana wa miaka 26, mshindi wa mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1953. Na yumo mvulana mwembamba kutoka Brooklyn, Bobby Fischer, ambaye amepata mwaliko kwa kuwa Julai ya mwaka huohuo ametwaa ubingwa wa vijana wa Marekani mjini Philadelphia. Ndiye mdogo kuliko wote.

Bobby alijifunza mchezo huu akiwa na miaka 6. Dada yake Joan alinunua seti ya sataranji kwenye duka la peremende karibu na nyumbani, wakasoma maelekezo, wakaanza kucheza. Joan alichoka upesi. Bobby hakuchoka, akawa anacheza peke yake, akigeuza ubao upande huu na upande huu. Januari 1951, hajatimiza hata miaka 8, alipelekwa maktaba ya Brooklyn ambako bingwa mmoja, Max Pavey, alikuwa akicheza na watu wengi kwa wakati mmoja, akipita meza hadi meza. Pavey alimmaliza mtoto yule baada ya muda mfupi, na mtoto akalia. Lakini pale palikuwa na mtu aliyemtazama akicheza, Carmine Nigro, rais wa klabu ya sataranji ya Brooklyn, naye akamkaribisha klabuni na kuanza kumfundisha. Kushindwa vibaya na mtu aliyemzidi mbali ndiko kulikomfungulia mlango.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze maana ya kuzidiwa. Katika sataranji tofauti ya nguvu inapimwa kwa namba. Profesa wa fizikia Arpad Elo, mzaliwa wa Hungary aliyeishi Marekani, alitunga hesabu ambayo shirikisho la dunia la mchezo huu liliikubali mwaka 1970, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ukishinda, namba yako inapanda, na ukishindwa inashuka. Ukimshinda aliyekuzidi unapanda sana, ukimshinda dhaifu unapanda kidogo tu. Namba hizo zinatabiri pia. Mwenye pointi 200 zaidi ya mwenzake anatarajiwa kupata karibu robo tatu ya alama wanazogombea. Akimzidi kwa 400, anatarajiwa kupata kama 10 katika kila 11. Ni pengo kubwa, kwa sababu mchezo huu hauna dadu, karata iliyofichwa wala mpira wa kupindishwa na upepo. Mnyonge hana mahali pa kuokota bahati.

Lakini ile 1 katika 11 ipo. Na mimi siku zote nimetaka kujua inatoka wapi.

Kwa wasiojua sataranji, maneno machache yatatosha. Ubao una miraba 64. Safu zinazokwenda wima zina herufi, kutoka a hadi h, na mistari ina namba, kutoka 1 hadi 8, kwa hiyo kila mraba una jina lake kama g5 au a4. Kila upande una kete 16. Mbele wanapanga vitunda wanane, askari wadogo wanaosonga mbele tu. Nyuma yao wako ngome wawili, farasi wawili, maaskofu wawili, malkia na mfalme. Walimu huwapa watoto bei za kete: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei, maana akinaswa asiwe na pa kukimbilia, mchezo umekwisha.

Byrne alicheza kete nyeupe, Fischer nyeusi. Mwanzoni hakuna aliyekosea. Kufikia hatua ya 4 tu, Fischer alikuwa amemhamishia mfalme wake pembeni, ngome ikamsimamia ubavuni na vitunda vikamkinga mbele. Shikeni jambo hilo. Byrne alipanga vitunda vyake katikati, d4 na e4 bega kwa bega, pande la ardhi la kutamanisha. Ila alimtembeza malkia mapema: akamtoa hadi b3, akala naye kitunda cha c4, kisha hatua ya 10 akampandisha c5. Malkia mara tatu, na mfalme wake bado yuko e1, katikati kabisa, palepale alipozaliwa. Askofu wa f1 hajatoka, kwa hiyo mfalme hana njia ya kuhamia pembeni.

Ikaja hatua ya 11. Byrne akamchukua askofu wake mwingine, ambaye tayari alikuwa f4, akamsogeza g5. Ukiitazama haraka utaona ni hatua nzuri, maana inamkabili farasi wa Fischer aliye f6. Lakini ni kete ileile kusogezwa mara ya pili, na mfalme bado yuko wazi. Mara nyingi mwenye nguvu hukosea hivyo, na kosa lake huwa dogo: hatua moja ambayo dhidi ya wachezaji wengi isingeadhibiwa. Siwezi kujua kama Byrne angeicheza mbele ya Reshevsky. Ninachojua ni kwamba mvulana aliyeketi mbele yake aliiona.

Farasi wa pili wa Fischer alikuwa b6. Fischer akamrusha a4.

Wanangu, kila mwalimu wa sataranji huwaonya wanafunzi wasimpeleke farasi ukingoni mwa ubao, kwa kuwa pale miraba anayoweza kuifikia inapungua. Isitoshe, mraba ule wa a4 ulikuwa unalindwa na farasi mweupe aliye c3. Yaani Fischer alimweka farasi wake mahali ambapo adui anaweza kumla bure. Mtazamaji angedhani mtoto amechanganyikiwa.

Sasa tazameni kilichofichika. Farasi yule wa a4 anamtisha malkia aliye c5. Byrne akimla kwa farasi wake wa c3, basi farasi huyo ameacha kazi yake, na kazi yake ilikuwa kukilinda kitunda cha e4. Hapo farasi wa pili wa Fischer anaruka kutoka f6, anakila kitunda hicho, na akiwa e4 anawatisha wawili kwa pamoja: malkia wa c5 na askofu wa g5, yuleyule aliyesogezwa hatua moja nyuma. Laiti askofu angebaki f4, hila hii isingekuwepo. Na mfalme naye yuko katikati, mahali ambapo malkia mweusi anaweza kumtisha kwa kuruka a5. Byrne alipiga hesabu hizo zote, na nampa heshima yake hapo, maana mchezaji wa kawaida angeinyakua zawadi na kuporomoka. Yeye alikataa, akamrudisha malkia a3.

Fischer hakusita. Akamla farasi wa c3, Byrne akala kwa kitunda, kisha farasi wa pili akakila kile kitunda cha e4. Byrne akajibu kwa kuingiza askofu wake e7, akimtisha malkia mweusi, na kwa upande wa pili ngome ya f8. Fischer akamtoa malkia hadi b6 na kumwachia ngome wazi. Byrne akakataa tena, kwa sababu askofu mweusi atakayekula f8 atakuwa amemlenga malkia wa a3 moja kwa moja. Badala yake akamtoa askofu wa f1 hadi c4, akitumaini kumhamisha mfalme hatua inayofuata. Alikuwa amechelewa kwa hatua moja. Farasi wa Fischer akaingia c3, akala kitunda. Byrne akarudisha askofu c5, na sasa kete mbili zinatishwa kwa mara moja: askofu anamtisha malkia wa b6, na malkia wa a3 anamtisha farasi wa c3. Fischer akapeleka ngome e8 kumtisha mfalme, na mfalme akajisogeza f1. Kutoka hapo hakuweza tena kuhamia pembeni kwa usalama, na ngome ya h1 ikawa imefungiwa kona.

Tumefika hatua ya 17, ambayo kwa ajili yake hadithi hii bado inasimuliwa.

Malkia wa Fischer anatishwa. Mchezaji yeyote, awe mimi, awe wewe, awe bingwa wa mtaa, kwanza anatafuta pa kumkimbizia malkia. Ana bei ya 9, ndiye kete yenye bei kuliko zote! Fischer alimwacha malkia palepale b6, akamshika askofu wake wa g4, akamrudisha nyuma miraba miwili ya mshazari kupita f5 hadi e6. Hatua ya kimya. Haikumtisha mfalme wala haikula kitu.

Byrne alikuwa na chaguo. La kwanza, kumla askofu huyo wa e6 kwa askofu wake wa c4. Akifanya hivyo, malkia mweusi anakwenda b5 na kumtisha mfalme, mfalme anakimbilia g1, farasi anaingia e2 na kumtisha tena, mfalme anarudi f1, farasi anaruka g3 na hapo mfalme anatishwa na wawili kwa pamoja, farasi na malkia. Mfalme anakimbia g1. Halafu malkia mweusi anajitupa f1, mwenyewe, kando ya mfalme! Ngome nyeupe inalazimika kumla, na ikishamla, imeziba mlango wa mwisho. Farasi anarudi e2 na mfalme amenaswa, amezungukwa na kete zake mwenyewe, hana hata mraba mmoja wa kupumulia. Fischer alikuwa ameyaona hayo kabla ya kumgusa askofu.

Chaguo jingine lilikuwa kumla malkia. Byrne akamla, na malkia mweusi akatoka ubaoni.

Askofu wa e6 akamla askofu mweupe wa c4, na kwenye mshazari ule akawa anamtisha mfalme wa f1. Mfalme akaenda g1. Farasi akaingia e2: mfalme anatishwa. Mfalme akarudi f1. Sasa farasi amesimama katikati ya mfalme na askofu, kwa hiyo akisogea kokote, askofu wa nyuma yake anafunguka na kumtisha mfalme. Farasi ana ruhusa ya kwenda popote na kula chochote, na Byrne hawezi kumjibu kwa kuwa ni lazima kwanza amwokoe mfalme. Farasi akakila kitunda cha d4. Mfalme g1. Farasi akarudi e2. Mfalme f1. Farasi akatoka tena, safari hii hadi c3. Mnaona? Ni bembea: mfalme anakwenda na kurudi, g1, f1, g1, f1, na kila ikirudi farasi anachukua anachotaka. Aliporidhika, Fischer alitumia kitunda cha a7 kumla yule askofu wa b6 aliyemla malkia wake. Kwa hatua hiyohiyo safu ya a ikafunguka na ngome ya a8 ikamtisha malkia wa Byrne. Malkia akakimbia, na farasi akaila ngome ya d1.

Pigeni hesabu kwa zile bei. Fischer alitoa malkia, 9. Alipata maaskofu wawili, 6, na ngome, 5. Hizo ni 11 tayari, na vitunda juu yake, na vingine vilifuata, a2 na f2. Kwa hiyo hakumtoa malkia sadaka kwa ushujaa. Alimuuza kwa bei nzuri. Ninalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wakiusikia mchezo huu hukimbilia kutoa malkia wao kila siku, na hawapati kitu. Kabla ya kumtoa, Fischer alijua tayari nini kingemrudia mkononi.

Kutoka hapo mchezo ulikuwa wa uvumilivu. Malkia mweupe alizurura peke yake upande wa mbali, akafika b8, hana wa kumsaidia. Kete za Fischer, ngome, maaskofu wawili na farasi, zililindana na kusogea pamoja. Kuanzia hatua ya 35 mfalme wa Byrne alitishwa mara saba mfululizo, akisukumwa kutoka g1, f1, e1, d1, hadi c1, akajaribu b1, akarudi c1. Hatua ya 41 ngome ilisogea c2, na mfalme akanaswa.

Kuna jambo hapo ambalo msomaji asiyecheza mashindano hataliona. Wachezaji wa ngazi ile hawasubiri kunaswa. Mtu akiona ameshindwa, anampa mwenzake mkono hatua nyingi kabla. Byrne alijua amekwisha. Baadaye alieleza kwamba aliwauliza washindani wengine kama lingekuwa jambo jema kumwacha mtoto amalize kabisa, kwa kuuheshimu mchezo mzuri aliocheza, nao wakakubali. Akaendelea kuketi na kucheza, akijua kwamba kila hatua itachapishwa na yeye ndiye atakayeonekana akifukuzwa ubao mzima. Mimi namhusudu Byrne kwa hilo kuliko ninavyomhusudu Fischer kwa hatua ya 17. Hatua ya 17 inahitaji akili kali. Alichofanya Byrne kinahitaji moyo, na aliyemzidi mwenzake ndiye hupata taabu zaidi kukifanya.

Hans Kmoch, aliyekuwa akiandika katika jarida la Chess Review, aliuita mchezo ule mchezo wa karne. Sasa msidhani kwamba tangu jioni ile Fischer akawa mkubwa kuliko wote. Mashindano yalipokwisha, Reshevsky ndiye aliyekuwa wa kwanza, na Fischer alishiriki nafasi ya 8. Alishindwa zaidi ya alivyoshinda. Machi 1957 alicheza michezo miwili na Max Euwe wa Uholanzi, bingwa wa zamani wa dunia, akapata sare moja na kupigwa mmoja, tena upesi. Namba kama zile za Elo hazidanganywi na mchezo mmoja, na isingekuwa haki zidanganywe. Nguvu ya mtu huonekana katika michezo mingi. Januari 1958 Fischer alitwaa ubingwa wa Marekani akiwa na miaka 14, bila kushindwa mchezo hata mmoja, mbele ya Reshevsky. Hapo ndipo pengo lilipozibwa kweli. Mwaka 1972 mjini Reykjavik alimshinda Boris Spassky wa Urusi ya Kisovyeti na kuwa bingwa wa dunia.

Niwaambie na upande mwingine, kwa sababu ninyi si wadogo wa kufichwa. Fischer alipokuwa mtu mzima alijitenga na mchezo, na alisema hadharani maneno ya chuki, hasa dhidi ya Wayahudi, ambayo hayana utetezi. Alifariki Iceland mwaka 2008. Hatua zake tujifunze, maneno yale tuyaache. Byrne alikuwa profesa wa Kiingereza katika chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, akafundisha na vijana kucheza sataranji, hadi alipofariki mwaka 1976.

Ile 1 katika 11, basi, inatoka wapi? Kwa mchezo huu naweza kujibu. Ilitoka kwenye mfalme aliyechelewa kuhamia pembeni, na kwenye askofu aliyesogezwa mara mbili. Fischer hakumzidi Byrne ujuzi siku ile. Alikuwa amekwisha kumlinda mfalme wake tangu hatua ya 4, kwa hiyo kosa dogo lilipotokea alikuwa tayari, na hakuliogopa jina la mtu aliyelifanya.

Mwenye ubao aulete. Panga kete kama zilivyokuwa kabla ya hatua ya 11. Nyeupe: mfalme e1, malkia c5, ngome d1 na h1, maaskofu f1 na f4, farasi c3 na f3, vitunda a2, b2, d4, e4, f2, g2, h2. Nyeusi: mfalme g8, malkia d8, ngome a8 na f8, maaskofu g7 na g4, farasi b6 na f6, vitunda a7, b7, c6, e7, f7, g6, h7. Mmoja awe Byrne. Badala ya askofu wa f4 kwenda g5, amtoe yule wa f1 hadi e2 ili mfalme apate njia. Mwingine awe Fischer, atafute la kufanya na farasi wa b6.